Kulala juu ya maji ya Kivu

*Hoteli ieleayo imewaletea wasafiri wa Rwanda starehe ambayo miaka michache iliyopita haikuwapo. Lakini ziwa wanalolilalia lina wavuvi juu yake, gesi chini yake, na mpaka wa nchi mbili katikati yake.*

Siku za Jumamosi, jua linapotelemkia milima ya upande wa Kongo, na ufuo wa Gisenyi ukiwa umejaa vijana waogeleaji, wachuuzi wa mahindi ya kuchoma na maharusi waliokuja kupigwa picha kandokando ya maji, huondoka nchi kavu misafara miwili isiyofanana kwa lolote ila kwa saa ya kuondoka.

Mmoja ni wa wageni, wenye masanduku ya magurudumu na miwani ya jua, wapokewao mkono gatini ili wavuke ubao na kuingia katika vyombo vya matembezi. Mwingine ni wa wavuvi wa samaki waitwao sambaza, ambao mitumbwi yao huendeshwa mitatu mitatu, imeungwa kwa magogo yaliyolala kingamo, na miti mirefu ya mikaratusi ikichomoza omo na tezi kwa ajili ya kubeba wavu; makafi huingia majini kwa mdundo wa wimbo mmoja, anaouanza mtu mmoja na kuitikiwa na wote.

Kabla ya isha makundi yote mawili yamekwisha kufika kilindini. La kwanza limekwenda kulala, la pili limekwenda kukesha, na kwa kuwa yote mawili yamo katika maji yale yale, ni haki kuuliza mgeni akodiye chumba juu ya Kivu hununua nini hasa, na katika hayo anunuayo, ni yapi yaliyomo katika hesabu na ni yapi ayapatayo bure kutoka kwa watu wasiomjua.

Chombo chenye vyumba kumi

Chombo kinachotajwa zaidi katika habari hii ni Mantis Kivu Queen uBuranga, kilichoanza kupokea wageni mwaka 2023 chini ya usimamizi wa Mantis, kampuni ya hoteli yenye asili ya Afrika Kusini. Kina vyumba 10 tu, pamoja na mkahawa, baa, na kidimbwi kidogo cha kujiburudisha kilichowekwa sitahani, na ratiba zake zimekusudiwa kuiunganisha miji ya ukingo wa Kivu: Rusizi upande wa kusini, Karongi katikati, na Rubavu, ambayo wenyeji wengi huiita Gisenyi mpaka leo, upande wa kaskazini. Bei ya malazi ya namna hii huhesabiwa kwa mamia ya dola, jambo ambalo peke yake limekwisha kuamua ni nani atakayepanda na ni nani atakayetazama kutoka ufukoni.

Wasifuo malazi haya huanza na utulivu. Barabara ya kutoka Kigali, takriban kilomita 150, ni ya milima na makona yasiyokwisha, na ile inayofuata ukingo wa ziwa kuelekea kusini ndiyo yenye makona zaidi. Kwa hiyo mtu ambaye amekwisha kutikiswa vya kutosha garini huona kuwa ni rehema kukalia kiti cha sitahani, nchi ikisogea yenyewe mbele ya macho yake, mashamba ya migomba na kahawa yakiwa yamening'inia kwenye miteremko, na visiwa vikijitokeza kimoja baada ya kingine bila mtu kulazimika kuinuka.

Kisha husifu kuogelea, kwani Kivu ni miongoni mwa maziwa machache makubwa ya pande hizi ambamo mtu hujitosa bila ya kumhofu mamba. Husifu kahawa ya Kinunu, iliyo kati ya Rubavu na Karongi, ambako vyombo vya matembezi hutia nanga ili wageni wakatazame buni inavyooshwa na kuanikwa. Husifu kile kisiwa cha Napoleon karibu na Karongi, chenye umbo la kofia na popo wengi mno. Na wale wapitao Nyamyumba, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, husifu chemchemi za maji ya moto ambamo wenyeji huloweka viungo vyao vilivyochoka.

Wenye kulalamika nao wapo, na malalamiko yao ni yale yale ya kila alalaye chomboni tangu vyombo vilipoanza kuundwa: chumba ni chembamba, injini huvuma, upepo wa alasiri huyainua maji kiasi cha kumtibua tumbo asiyezoea, na intaneti hupotea chombo kikiwa mbali na mji. La baridi ni lao peke yao wageni wa Kivu. Ziwa hili liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa au Unguja ambaye neno *ziwa* humletea fikira ya joto, hugundua usiku wa manane kwamba shuka moja halimtoshi.

Wasafiri wa Liemba

Isidhaniwe kwamba watu wa Afrika Mashariki wameanza juzi kulala juu ya maziwa. Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani aliyetoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893 na kulifikia ziwa Kivu mwaka uliofuata, alipewa heshima ya jina lake kubandikwa kwenye meli iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapelekwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasije Waingereza na Wabelgiji wakainyakua, ikaja ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 imejulikana kwa jina la Liemba. Vizazi vitatu vya wasafiri wa Tanganyika wamelala ndani yake, wenye nacho vyumbani, na wasio nacho juu ya magunia ya dagaa.

Mwanza na Bukoba nao wana MV Victoria yao, ambayo imewalaza abiria usiku mzima tangu miaka ya 1960.

Tofauti iliyopo ni hii: abiria wa Liemba na wa Victoria hulala majini kwa sababu anakwenda mahali, ilhali mgeni wa hoteli ieleayo hana aendako, na kufika si haja yake. Biashara ya namna hiyo imekwisha kuota mizizi hata katika bahari yetu, kwani huko Pemba, tangu mwaka 2013, Manta Resort ina chumba kieleacho kilichobuniwa na Mswidi Mikael Genberg, chenye kitanda chini ya uso wa maji, ambako mgeni hulipa ili samaki wamtazame yeye.

Mwezi na taa

Katika yote wanayoyasimulia wageni wa Kivu warudipo nyumbani, hakuna linalotajwa kwa shauku kama taa za usiku. Giza likiingia, wavuvi huwasha taa zao juu ya maji, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi aghalabu taa za betri na za jua, na sambaza, ambaye hupanda kutoka chini kufuata mwanga na vijidudu vilivyovutwa na mwanga huo, hukusanyika juu ya wavu uliotandazwa kimyakimya, hata wavuvi wauinue kwa pamoja. Akaaye sitahani huona mstari wa nuru umekatiza ziwa kutoka Rwanda hata Kongo, na husikia wimbo ukija na kupotea kwa jinsi upepo unavyogeuka.

> Mgeni hulipia chumba. Taa za wavuvi na wimbo wao hazimo katika hesabu.

Sambaza mwenyewe si mzaliwa wa hapa. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa maji ya katikati ya Kivu yalikuwa matupu, hayana samaki wa kula vile vijidudu vieleavyo, na alizaana kwa wingi hata akawa kitoweo cha ukingo mzima, wa nchi zote mbili. Anayemla katika mkahawa wa sitahani, amekaangwa mzima na kuwekewa ndimu na pilipili, anakula matunda ya majaribio ambayo hayajatimiza hata miaka mia.

Kuna jambo moja ambalo watangazaji wa safari hizi hawalisemi, pengine kwa kutolijua. Picha zao hupenda mbalamwezi juu ya ziwa, na mgeni aliyevutwa na picha hizo huchagua usiku wa mwezi mpevu. Kumbe usiku huo ndio ambao mvuvi hana kazi, kwa sababu mwanga wa mwezi hutapakaa juu ya maji yote na taa yake haimkusanyi samaki. Mgeni huyo atauona mwezi, lakini taa alizosimuliwa na rafiki yake hataziona, na wimbo hatausikia.

Hapo ndipo hoja ya wavuvi inapoanzia, na mimi naiona kuwa ni hoja ya haki. Chombo kikubwa kilichotia nanga, kimewashwa taa kuanzia omo hata tezi, nacho ni taa juu ya maji, na samaki hapambanui kati ya taa ya mvuvi na taa ya baa. Wavu nao hutandazwa mahali panapohitaji maji matulivu, na kila chombo cha injini kipitacho karibu huyatibua. Isitoshe, kila mwaka uvuvi hufungwa kwa muda ili sambaza wapate kuzaliana, na katika muda huo mvuvi hukaa nchi kavu bila kipato, akivitazama vyombo vya matembezi vikiendelea na safari zake kama kwamba ziwa halikufungwa.

Hakuna anayetaka hoteli ifukuzwe. Lililo wajibu ni kukubaliana juu ya mahali pa kutia nanga, saa ya kupunguza taa za nje, na umbali wa kupita, mambo ambayo manahodha wawili wenye akili wangeyamaliza kwa mazungumzo ya alasiri moja.

Kilichomo chini ya kitanda

Asilani mgeni asipande chombo cha Kivu bila kuelezwa amelala juu ya nini. Kina cha ziwa hufikia karibu mita 480. Maji ya juu, kiasi cha mita 60 hivi, hupata hewa, nayo ndiyo yenye samaki na ndimo tunamoogelea. Chini yake hakuna oksijeni, na kuanzia mita 260 hivi, maji mazito yenye chumvi yaletwayo na chemchemi za chini ya ardhi yamezifungia gesi ambazo, lau zingepimwa huku juu, zingekuwa takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za hewa ukaa.

Ulimwengu unajua maafa yanayoweza kutoka katika ziwa la namna hiyo. Mwezi Agosti 1986, ziwa Nyos nchini Kamerun, lililo dogo mno kuliko Kivu, lilitapika hewa ukaa usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa pale pale walipokuwa, wengi wao wakiwa usingizini. Ukingoni mwa Kivu wanaishi watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili.

Je, basi, mwenye chombo amficheje mgeni habari hii, au amwambieje asimtie kiwewe? Wapo watu wa biashara ya utalii waonao kwamba kuitaja ni kujifungia duka. Rai yangu ni kinyume cha yao, kwa sababu ukweli wote, ukisemwa mpaka mwisho, hutuliza kuliko nusu yake.

Mnamo Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipopasuka, moto wa mawe ulipita katikati ya Goma na kumwagika ziwani, na zile gesi za chini hazikutibuka. Uchunguzi wa wanasayansi uliochapishwa mwaka 2020, baada ya vipimo vya makundi mbalimbali kulinganishwa, ulionyesha kwamba wingi wa gesi unakaribia kuwa thabiti, wala hauongezeki kwa kasi kama ilivyohofiwa hapo kabla. Fauka ya hayo, gesi yenyewe imekuwa ikivunwa: kiwanda cha bia cha Bralirwa hapa Gisenyi kiliitumia methani ya ziwa kuchemshia maji tangu miaka ya 1960, mtambo wa KivuWatt ulio mbele ya Karongi huzalisha megawati 26 za umeme tangu katikati ya muongo uliopita, na mradi wa Shema Power, katika maji ya Rubavu, umekusudiwa kufikia megawati 56. Hoteli, kwa hiyo, si kitu cha pekee kieleacho ziwani. Mitambo hiyo nayo imeketi juu ya majahazi ya chuma, na mabomba yake yameteremka mpaka huko chini ambako mgeni hapendi kupafikiria.

Volkeno ni habari nyingine, na kwayo hakuna wa kumpa mtu dhamana. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka tena. Watu wa Goma wakavuka mpaka kwa maelfu kuingia Rubavu, na matetemeko ya siku zilizofuata yakapasua nyumba za Gisenyi na kulazimisha wagonjwa wa hospitali ya mji wahamishwe. Katika saa kama hizo sijui kama ni heri kuwa majini au nchi kavu, ila najua kwamba nahodha apaswa kuwa na jibu kabla ya kuulizwa.

Na ajali za kawaida zisisahauliwe kwa kuvutwa na hatari kubwa. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilipinduka mbele ya Kituku, mjini Goma, watu wakikitazama kutoka ufukoni, na makumi ya abiria wakafa maji. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Waliokipanda hawakuwa watalii. Walikuwa wafanyabiashara na wakimbizi wa vita ambao njia yao ya nchi kavu ilikuwa imefungwa.

Mji unaotazama

Gisenyi ni mji wa mapumziko tangu enzi ya Wabelgiji, waliojenga nyumba zao kubwa kandokando ya ufuo na kupanda mitende ambayo mingine ingali imesimama. Ni mji wa mpaka vilevile. Kivuko kidogo, kile kiitwacho Petite Barrière, kimezoea kupitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku katika nyakati za amani, wengi wao wanawake wenye vikapu vya mboga, na biashara hiyo ndiyo iliyokifanya Kiswahili kiwe lugha ya soko la Mbugangari muda mrefu kabla ya bunge la Rwanda kukipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017.

> Ufuo wa Gisenyi ni wa watu wote. Hilo ni moja ya mambo mema ambayo mji umeyahifadhi.

Waiteteao hoteli ieleayo wana hoja ambayo haiwezi kupuuzwa: haichukui ufuo. Sheria ya mazingira ya Rwanda imetenga mita 50 kutoka ukingo wa ziwa, zisijengwe, na kila hoteli mpya ya nchi kavu hutamani kuzisogelea mita hizo, ikiweka ua hapa na mlinzi pale, hata mtoto wa Gisenyi ajikute anazunguka ukuta ili afike majini alikozaliwa. Chombo hakihitaji ukuta. Kikiondoka, hakiachi msingi wala kifusi.

Wapingao hujibu kwamba kisichoacha kifusi huenda kisiache hata senti. Mgeni apandaye Rusizi, akala na kulala na kunywa mumo humo chomboni, anaweza kuipita Rubavu usiku na kuitazama kama mfululizo wa taa za pwani, bila kununua ndizi moja. Tena lipo suala la maji machafu, ambalo kwa Kivu lina uzito wa pekee: uhai wote wa ziwa umo katika ile ngozi nyembamba ya juu, na kinachotupwa humo ndimo kinamokaa. Wala kukaa majini si haki ya kudumu: jijini Cairo nyumba zieleazo za Nile, ambazo Naguib Mahfouz aliiweka moja kuwa jukwaa la riwaya yake ya mwaka 1966, ziliondolewa na serikali mwaka 2022, wakaazi wake wengine wakiwa ni wazee waliozeekea humo. Mwenye chombo, hata awe wa zamani kiasi gani, hukaa majini kwa hisani ya walio nchi kavu.

Na walio nchi kavu hapa wamekuwa na miaka migumu. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, risasi na mabomu yalivuka mpaka na kuua watu katika wilaya ya Rubavu, na safari za kuja ziwani zikaahirishwa. Mji ambao utalii wake unaweza kukatizwa na vita visivyo vyake unahitaji kila mgeni ashukaye, ale, alale angalau usiku mmoja, na amlipe mtu wa hapa kwa kazi aliyoifanya.

Kwa anayekusudia kwenda

Hukumu ya mwandishi huyu ni kwamba hoteli ieleayo inafaa kuwapo Kivu, na kwamba ratiba yake ikatae kuipita Gisenyi gizani. Ishuke gatini mchana, iwapeleke wageni sokoni na Nyamyumba, inunue sambaza kwa vyama vya wavuvi na kuandika hivyo katika orodha ya vyakula, na iwape wavuvi ujira wa heshima pale inapokwenda makusudi kuwatazama, kwa kuwa mwimbaji wa ukumbini hulipwa, na mvuvi wa Kivu huimba huku akivuta wavu.

Msomaji atakaye kwenda na asichague usiku wa mwezi mpevu. Aulize kwanza kama uvuvi umefunguliwa, achukue koti, alale Gisenyi usiku wa kwanza. Akipanda, aombe aonyeshwe jaketi la kuokolea maisha kabla ya kuonyeshwa baa. Na kabla ya kutoa fedha amwulize mwenye chombo maji machafu ya vile vyumba hupelekwa wapi; akijibiwa kwa tabasamu tupu, akodi chumba nchi kavu, ziwa litaonekana dirishani.